Fundo la Upande wa Kushoto

Mjukuu wangu Anasia alikuja kuniaga juzi, yeye na wenzake wawili, kabla ya kushuka Dar es Salaam kuanza chuo kikuu. Walikuja na karatasi ya masharti ya bweni la wanawake. Nikawakaribisha loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, wakala, halafu Anasia akaifungua ile karatasi akaanza kunisomea kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Wageni wa kiume wasiingie vyumbani. Mlango wa nje ukifungwa umefungwa. Atakayelala nje bila ruhusa atapoteza nafasi yake bwenini.

"Bibi, hili ni bweni au gereza?" akaniuliza. Wenzake wakacheka, lakini niliona hasira chini ya kicheko.

Sikumjibu siku ile. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na meno yangu na maneno yangu siku hizi yanakwenda pole pole. Leo amerudi peke yake, nimemwambia ashike kalamu. Yeye ndiye anayeandika haya ninayosema, asije akadai baadaye kwamba hakusikia. Na ninyi wasichana wengine mtakaoyasoma, sikilizeni pamoja naye, maana mimi kazi yangu ilikuwa masharti. Kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, nilikuwa mlezi wa bweni la mabinti katika misheni moja hapa kwenye miteremko ya Meru. Leo mngeniita metroni. Wakati ule niliitwa Mama, ingawa baadhi ya mabinti nilikuwa nimewazidi umri kidogo tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, ndefu, imeezekwa kwa majani ya migomba. Mkubwa wake alikuwa Bibi Lena, Mjerumani, mwembamba, mwenye uso mwekundu wa jua na mwandiko mzuri sana. Aliupenda mwandiko wake. Alipofika tu aliandika masharti yote kwenye karatasi kubwa, akaibandika mlangoni kwa uji mzito wa unga wa ndizi. Asubuhi mbuzi wa jikoni akaila, akaanza na uji, akamalizia na masharti. Bibi Lena alisimama pale mlangoni akiangalia kipande cha pembeni kilichobaki, nami nikageuka kuangalia mlima ili nisicheke mbele yake.

Hata ingebaki, nani angeisoma? Mabinti walikuwa wanaanza kuzijua herufi. Wengine walikuwa Wameru kama mimi, wengine Waarusha waliosema Kimaasai, na Kiswahili tulikuwa tunajifunza wote, Bibi Lena akiwa mmojawapo. Kwa hiyo tukatafuta njia yetu ya kutangaza. Nilitundika vitu mlangoni. Ukiona jembe, leo tunalima. Ukiona kibuyu, ni zamu ya maji, na hakuna kwenda chemchemini peke yako. Ukiona ngozi imekunjwa, leo tunatoa malazi yote juani, maana viroboto wa wakati ule walikuwa hawana masharti. Mambo mazito niliyasema kwa mdomo, na hapo nawapa siri ya kazi: tangazo zito mwambie mtu aliyeshiba nusu. Mwenye njaa hakusikii, na aliyeshiba kabisa anasinzia.

Kando ya mlango kulikuwa na ubao wenye vigingi, safu ya kulia na safu ya kushoto. Kila binti alikuwa na fundo lake la kamba ya mgomba, alilolifunga mwenyewe siku aliyoingia. Mmoja alisuka, mwingine alitia ushanga, mwingine alifunga ovyo ovyo tu, na mtu ulimjua kwa fundo lake. Ukiwa ndani, fundo lako liko kulia. Ukitoka, unalihamishia kushoto. Kulikuwa na mmoja mvivu ambaye siku za jembe alihamishia fundo kushoto halafu akarudi kulala nyuma ya magunia ya mahindi. Nilimgundua kwa kukoroma kwake.

Na fundo likifunguliwa likatupwa motoni, basi mwenyewe si wa nyumba ile tena. Hilo niliamriwa kulifanya mara chache sana, na sikulipenda.

Sasa nifike kwenye sharti lenyewe, lile linalofanana na lako, Anasia. Atakayetoka bila ruhusa hatapokelewa tena. Unadhani lilitungwa na nani? Unadhani ni Mzungu. Hapana. Lilitungwa na mabinti.

Ilikuwa hivi. Bibi Lena hakuwa na nguvu ya kumzuia baba asimchukue mtoto wake, wala wakubwa wa boma kule Arusha hawakutaka ugomvi na wazee kwa sababu ya wasichana. Kwa hiyo siku baba alipomleta binti, alikubaliana na nyumba mbele ya wazee: mtoto akiwa wa nyumba hii, hachukuliwi kwenda kuolewa bila kauli yake mwenyewe. Wazee walikubali, na neno lililokubaliwa na wazee lilikuwa na uzito. Lakini kukaibuka ujanja. Mjomba anakuja mbio: "Mama yako mgonjwa, njoo umwone." Binti anatoka na mjomba. Akifika anakuta pombe imekwisha kupikwa na mume anamngoja.

Tuliwapoteza wasichana wazuri kwa njia hiyo. Ndipo Naserian akasimama siku moja baada ya chakula na kusema mbele ya Bibi Lena. Naserian alikuwa Mwarusha, mrefu, mkavu wa maneno, na fundo lake lilikuwa la nyuzi tatu zilizosukwa kwa nguvu hata huwezi kuingiza ukucha. Mimi aliniita yeyo, yaani mama kwa lugha yao.

"Tupeni sharti gumu," akasema. "Mjomba akija niweze kumwambia, nikitoka bila ruhusa sitapokelewa tena. Msichana hawezi kumwambia baba yake sitaki. Lakini anaweza kumwambia, nyumba imekataa. Yeyo, nipe kitu cha kushika."

Bibi Lena alikubali. Wazee wakaitwa, wakaambiwa, wakakubali pia, tena wakaongeza lao: na binti akitoka bila ruhusa, nyumba haina neno tena juu yake. Likawa limekata huku na huku. Tangu siku ile wajomba wakawa wanakuja, wanakaa kwenye gogo la wageni nje ya uzio, wanakunywa maji, wanarudi mikono mitupu. Gogo lile lilikuwa limelainika kwa makalio ya wajomba.

Halafu ikaja habari ya Ndeshi.

Ndeshi alikuwa Mmeru, wa juu kidogo ya misheni, binti wa mama mmoja niliyemfahamu vizuri. Msimu wa mvua kubwa Bibi Lena alikuwa amekwenda Moshi kwenye mkutano wa wamisheni. Jirani akaja, mwanamke, si mjomba, nguo zimelowa, akasema mama yake Ndeshi yuko taabani na anamtaja mtoto wake. Ndeshi akanitazama. Ruhusa haikuwa yangu kutoa. Nikamwambia hivyo hivyo: "Mwanangu, ruhusa sina." Hakubishana. Alikwenda kwenye ubao, akalihamisha fundo lake kushoto, akatoka akilia, pamoja na yule jirani.

Na kweli mama alikuwa mgonjwa. Ndeshi alimuuguza, akamzika, akakaa matanga. Mama alipokwisha kuzikwa, baba yake akaona njia nyeupe. Nyumba haina neno tena juu ya binti. Akakubali pombe ya posa ya mzee mmoja ambaye wake zake walikuwa wamemzidi umri hata mama yake Ndeshi.

Bibi Lena alikuwa amekwisha kurudi kutoka Moshi, nami nilimweleza yote. Akaniambia fundo la Ndeshi lisifunguliwe kwanza, mpaka aonekane mwenyewe.

Akaonekana asubuhi moja, amesimama kando ya gogo, amenyolewa nywele kwa msiba, miguu ina matope mpaka magotini. Mikononi ameshika tawi la sale.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mnaoliona sale kama mmea wa mpakani tu. Kwetu Meru, kama kwa jirani zetu Wachaga, aliyekukosea akikuletea sale haongei sana. Analinyoosha kwako. Ukilipokea, umesamehe, na neno limekwisha. Ndiyo maana mtu mwenye kinyongo huficha mikono yake mgongoni kwanza, afikiri. Maana ukishalipokea halirudishwi. Kulirudisha ni kutangaza uadui, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyefanya hivyo.

Bibi Lena alitoka, akamwona binti aliyenyolewa, akamwendea haraka. Ndeshi akanyoosha tawi kwa mikono miwili. Bibi Lena akalipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akasema, "Asante, Ndeshi. Pole kwa msiba. Pole sana." Nyuma yangu mabinti wote wakashusha pumzi. Wa kwetu wakaanza kutabasamu.

Kisha Bibi Lena akasema, huku machozi yanamlenga, "Lakini ulitoka bila ruhusa. Siwezi kukupokea tena. Mama hapa atakupa chakula, halafu utafutiwe ndugu wa kukaa naye."

Ndeshi alibaki amenyoosha mikono yake mitupu, haelewi. Nikamvuta Bibi Lena pembeni nikamweleza alichopokea. Akalitazama lile tawi. "Nilidhani ananiletea ua," akasema. Masikini, kwao watu huleta maua msibani. Akauliza kama anaweza kulirudisha na kuanza upya. Nikamwambia hapana, na nikamwambia kwa nini.

Basi tukakaa barazani, mabinti wote, Ndeshi peke yake kule kwenye gogo. Wameru walisema neno limekwisha, aingie. Naserian ndiye aliyesimama.

"Mimi nampenda Ndeshi," akasema. "Nalala naye ngozi moja. Lakini akiingia leo, kesho baba yangu atakuja na kuniambia: mbona yule alitoka bila ruhusa akarudi? Mimi nitashika nini? Mnambeba yeye, mnaniangusha mimi."

Msichana wa Kimeru akamjibu kwa ukali, "Kwa hiyo akaolewe na yule mzee?"

"Sikusema hivyo," Naserian akasema. "Nimesema tu ni nani atakayelipa."

Nataka mnielewe hapa, wajukuu zangu. Wote wawili walikuwa na haki. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefikiri wakati wa kupalilia na wakati wa kuosha vyombo, na mpaka leo sijampata mwenye kosa kati yao. Bibi Lena alikuwa amelishika lile tawi mapajani mwake, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

Kabla hajaamua, baba yake Ndeshi akafika na ndugu zake wawili. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa adabu, na alijua haki iko upande wake. Alisimama kando ya gogo akasema, "Bibi, tulikubaliana mbele ya wazee. Binti ametoka bila ruhusa. Nyumba haina neno tena. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Ndeshi hakumtazama baba yake. Alikuwa anamtazama Bibi Lena.

Bibi Lena akainuka, akaenda mpaka kwenye uzio, tawi bado mkononi. Baba yake Ndeshi alipoliona akasimama wima.

"Hilo umepewa na nani?"

"Na Ndeshi."

"Na umelipokea?"

Wanangu, angeweza kusema hakujua. Ingekuwa kweli, na kila mtu angemwamini, maana ni Mzungu. Sharti lingebaki zima kama lilivyokuwa. Aligeuka akamtazama Naserian kwanza, si Ndeshi. Halafu akamgeukia baba yake Ndeshi.

"Nimelipokea," akasema.

Baba akalitazama tawi, akawatazama ndugu zake. Kama kosa la kutoka limesamehewa, basi binti hakutoka, na kama hakutoka, yeye bado ni wa nyumba. Hakuhitaji kuelezwa. "Basi neno limekwisha," akasema, na wakaondoka bila kunywa maji. Ndeshi aliingia, akaenda kwenye ubao, akalirudisha fundo lake kulia. Nililia mbele ya watu wote, sikuona haya. Bibi Lena alilichomeka lile tawi ardhini karibu na mlango, likashika.

Naserian hakulia wala hakukasirika. Alichukua ufagio akafagia baraza, ingawa siku ile zamu haikuwa yake.

Baba yake alikuja wakati wa mavuno. Akasema mama mgonjwa. Bibi Lena akamwuliza maswali mawili matatu, akaona habari haishikamani, akakataa kutoa ruhusa. Naserian akamwambia baba yake kwa Kimaasai yale aliyokuwa akiyasema siku zote, kwamba akitoka bila ruhusa hatapokelewa tena. Nilikuwepo, nilisikia jibu.

"Yule wa Kimeru alitoka bila ruhusa, akarudi," baba yake akasema, tena kwa upole. "Na wewe utarudi. Au humtaki mama yako?"

Binti anayekataa wito wa mama yake mgonjwa bila sababu anajitafutia laana, na ile sababu tulikuwa tumemwondolea. Alinitazama, akamtazama Bibi Lena, na sisi watu wazima wawili tukasimama pale kama nguzo. Akaenda kwenye ubao. Akalihamisha fundo lake la nyuzi tatu kushoto, taratibu, akahakikisha limekaa vizuri kwenye kigingi. Akaniambia, "Yeyo, kaa salama." Mama yake alikuwa mzima. Aliozwa kabla ya mwezi kuandama, mbali, kule tambarare upande wa Nduruma.

Nilimwuliza Bibi Lena kama nilifungue lile fundo. Akasema hapana, akasema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, kama vile mimi ndiye niliyemwoza. Alituma ujumbe kwa baba yake kwamba Naserian akitaka kurudi mlango uko wazi. Kama ujumbe ulifika kwa Naserian mwenyewe, hatukujua. Tulimngoja. Ndeshi alikuwa akitoka kila jioni anasimama karibu na lile sale, anatazama njia ya chini. Hakuja.

Halafu vita. Bibi Lena alichukuliwa na Waingereza pamoja na wenzake, nyumba ikafungwa, mabinti wakatawanyika, Ndeshi akaolewa na mwalimu aliyemtaka mwenyewe. Siku ya mwisho niliwagawia walioondoka mafundo yao. La Naserian nililiacha kwenye kigingi. Sikuwa na mtu wa kumpa.

Baadaye sana, Mwingereza akiwa amekwisha kutulia mjini, nilikuwa nauza ndizi sokoni Arusha. Mwanamke mrefu wa Kiarusha akasimama mbele yangu na kibuyu cha maziwa, shingoni amevaa shanga za mama wa watoto wengi. Hakuuliza bei. Akaniita yeyo.

Tulikaa chini, nyuma ya ndizi zangu. Aliniambia juu ya watoto, juu ya ng'ombe, juu ya mume ambaye hakuwa mbaya wala mzuri. Nikamwuliza lile lililonikaa kooni miaka yote ile: kwa nini hakurudi? Ndeshi si alirudi?

"Mimi ndiye niliyeomba sharti lile," akasema. "Mimi ndiye niliyesimama nikasema Ndeshi asipokelewe. Ningekuja na uso gani? Na wale wasichana wengine wangeshika nini?"

Akachezea kizibo cha kibuyu chake, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, ya msichana, "Fundo langu lilichomwa siku gani?"

"Halikuchomwa," nikamwambia. "Bibi alikataa. Nyumba ilipofungwa, niliondoka nikaliacha palepale. Upande wa kushoto, ulipoliweka wewe."

Anasia ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mwanangu. Karatasi yako kaa nayo, ubishane nayo ukitaka, nami nadhani mengine humo ni upuuzi. Lakini kwa kila sharti uliza kwanza ni msichana gani aliyeliomba, na ukilipata jibu, uliza kama aliambiwa mlango uko wazi.

Naserian alijifunika uso kwa nguo yake, akakaa hivyo muda mrefu, watu wakipita na vikapu vyao. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anacheka kidogo.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani nilifukuzwa. Kumbe nilikuwa nimetoka tu."